Joto la Dar es Salaam na Hesabu ya Majira ya Pwani

Watu wanapozungumza juu ya utamaduni wa taifa, aghalabu hukumbuka ngoma, mavazi, uchongaji, ususi na mashairi. Ni wachache wanaokumbuka hali ya hewa. Joto na baridi huonekana kuwa ni mambo ya maumbile tu, yanayowahusu wapimaji, marubani na mabaharia. Lakini kila taifa huishi mahali, na mahali hapo pana jua lake, upepo wake na mvua zake. Namna watu walivyoyafahamu mambo hayo, wakayapa majina, wakayahesabu na kuyatumia katika safari, kilimo na ujenzi, ni sehemu ya utamaduni wao kama zilivyo ngoma na mashairi.

Katika makala haya tunakusudia kutazama wastani wa joto la kila mwezi katika mji wa Dar es Salaam, na kuulinganisha na hesabu ya majira waliyokuwa nayo watu wa Pwani kabla ya kipimajoto kufika. Hesabu ya kipimajoto ina umri wa miaka mia na ushei. Hesabu ya pepo ina karne nyingi. Tutajaribu kuonyesha kwamba hizi ni hesabu mbili za jambo moja, kwamba kila moja hueleza lile ambalo nyingine hunyamaza, na kwamba hasara huingia pale moja inapotumiwa kuisahaulisha nyingine.

Miezi kumi na miwili

Dar es Salaam iko kusini ya Ikweta kwa karibu digrii 7, kandokando ya Bahari ya Hindi. Wastani wa joto wa miezi yake, kwa makadirio ya karibu, ni huu. Januari na Februari hukaribia digrii 28 za sentigredi, na Machi haiko mbali na hapo. Kisha joto huanza kushuka: Aprili hufika 26 na nusu hivi, Mei 25 na kitu, na Juni 24. Julai ndio mwezi wa baridi kuliko yote, na wastani wake huwa chini ya 24 kwa kiasi kidogo tu. Agosti hufanana na Julai. Septemba joto hupanda tena taratibu, Oktoba hupita 25, Novemba 26, na Desemba hufika 27 na nusu hivi.

Kwa hiyo, kati ya mwezi wa joto kabisa na mwezi wa baridi kabisa pana tofauti ya digrii 4 hivi, basi. Katika mji wa London tofauti hiyo hukaribia digrii 13. Si ajabu, basi, kwamba mgeni atokaye huko, akiitazama orodha yetu, huona kama mwezi mmoja uliorudiwa mara kumi na mbili, akahukumu kwamba Pwani haina majira.

Kabla ya kukubali hukumu hiyo yafaa tuulize wastani ni kitu gani. Mpimaji huandika joto la juu kabisa na la chini kabisa la kila siku, hujumlisha na kugawa kwa mbili. Siku za mwezi hujumlishwa na kugawanywa, kisha miezi ya miaka 30 hujumlishwa na kugawanywa tena. Kipimajoto chenyewe hukaa ndani ya sanduku jeupe lenye mianya, juu ya nyasi, kivulini. Kazi hii ni ya lazima, maana bila ya kanuni moja hatuwezi kulinganisha mji na mji wala mwaka na mwaka. Lakini kila mara tunapogawa, kuna jambo tunalolipunguza. Katika Februari joto la mchana hufika digrii 32, na usiku halishuki sana chini ya 25. Katika Julai mchana hufika 29, lakini alfajiri huteremka hadi 18 au 19. Maana yake ni kwamba siku moja ya Julai ina tofauti ya digrii 10, zaidi ya mara mbili ya tofauti ya mwaka mzima. Mkazi wa Pwani haijui Julai kwa mchana wake, bali kwa alfajiri yake, wakati wavuvi wanapojifunika mablanketi na wazee wanapoota moto wa vifuu. Wala haijui Februari kwa digrii 32 za mchana pekee. Huijua kwa usiku wake wenye fukuto, ambapo hewa imejaa mvuke, jasho halikauki, na watu hutoa mikeka nje wakangoja upepo.

Liko jambo jingine ambalo orodha huliacha kama fumbo. Jua hupita juu ya utosi wa Dar es Salaam mara mbili kwa mwaka: karibu na tarehe 10 Oktoba likielekea kusini, na mwanzoni mwa Machi likirudi kaskazini. Lau kama jua peke yake ndilo lingekuwa linatawala, Oktoba ingelikuwa na joto sawa na Machi. Kumbe sivyo, Machi huizidi Oktoba kwa digrii 2 hivi. Sababu ni bahari na upepo. Maji ya bahari huchelewa kupata moto na huchelewa kupoa. Mwezi wa Machi maji ya pwani yetu hukaribia digrii 29. Mwezi wa Agosti hushuka hadi 25 hivi, na Oktoba bado hayajasahau ubaridi huo. Aidha, upepo unaovuma Oktoba si ule unaovuma Februari. Hapo ndipo hesabu ya wazee wetu inapoanzia.

Majina ya pepo

Watu wa Pwani waliugawa mwaka kwa pepo na mvua. Kuanzia Desemba hivi hadi Machi huvuma kaskazi, upepo utokao kaskazini-mashariki, wenye joto na wa upole kuliko mwenzake. Ndio wakati wa kiangazi, na ndio miezi ile iliyo juu kabisa katika orodha ya wastani. Kaskazi inapochoka pepo huvurugika, hazina mwelekeo, na wakati huo huitwa maleleji. Kisha huingia masika, mvua kubwa za mwisho wa Machi, Aprili na Mei, na nyuma yake kusi, upepo wa nguvu utokao kusini. Juni, Julai na Agosti ni kipupwe, majira ya ubaridi. Kusi inapolegea, tangu Agosti au Septemba, huitwa demani, na bahari hutulia. Oktoba, Novemba na Desemba huja vuli, mvua ndogo, kisha kaskazi hurudi na mwaka ukaanza upya.

Msomaji akiweka majina haya kando ya orodha ya digrii ataona kwamba yanaoana barabara. Kiangazi cha kaskazi ndicho kilele chake. Masika ndiyo mteremko wake. Kipupwe ndicho bonde lake. Demani na vuli ndiyo mpando wake. Wazee waliyaona majira manne au matano katika mwaka ambao mgeni aliona mwezi mmoja tu. Tena waliyaona kwa undani zaidi, maana neno kipupwe halitaji baridi pekee. Lina ndani yake upepo, ukavu, hali ya bahari na kazi za shambani. Digrii 24 inaweza kuwa ya asubuhi ya masika yenye manyunyu au ya mchana wa kipupwe wenye mawingu. Katika orodha ni namba ile ile, lakini katika maisha ya mkulima ni mambo mawili mbalimbali.

Pepo za siku moja nazo zilikuwa na majina. Upepo mwanana utokao bara usiku na alfajiri uliitwa umande, na wavuvi wa ngalawa waliutumia kutokea baharini kabla ya jua kuchomoza. Upepo wa asubuhi utokao upande wa mawio uliitwa matlai. Nchi kavu inapopata moto mchana, hewa ya baharini huvutwa kuelekea bara, na wavuvi hurudi nayo nyumbani alasiri. Mafundisho ya leo ya jiografia huieleza kawaida hii kwa michoro na mishale. Mvuvi wa Mzizima, kijiji kilichotangulia mji wa Dar es Salaam, aliieleza kwa kutoka na kurudi.

Pepo hizi mbili kuu zimeacha alama katika lugha ya taifa zima. Maneno mashariki na magharibi yana asili ya Kiarabu, na hutaja mawio na machweo ya jua. Lakini kaskazini na kusini ni majina ya pepo zetu, kaskazi na kusi, yaliyotiwa kiambishi cha mahali. Leo mtoto wa Mwanza, wa Kigoma au wa Mbeya, ambaye huenda hajaiona bahari, anapoambiwa aonyeshe upande wa kaskazini hutaja upepo uliokuwa ukileta majahazi Kilwa na Unguja. Hali kadhalika mtu wa Bujumbura na wa Lubumbashi asemaye Kiswahili. Lugha ilipokwenda bara na misafara ilichukua pamoja nayo dira ya Pwani.

Mwaka wa jua na mwaka wa mwezi

Kuyajua majira ni jambo moja; kuyahesabu ni jambo jingine. Watu wa Pwani, ambao wengi wao ni Waislamu, walikuwa na mwaka wa mwezi mwandamo, wenye siku 354. Mwaka huo hutosha kwa ibada, lakini hauwezi kumsaidia mkulima wala nahodha, kwa kuwa unapungukiwa na siku 11 hivi kila mwaka. Ramadhani huweza kuangukia kaskazi, na baada ya miaka kadhaa ikaangukia kipupwe. Mtu anayengoja mwezi fulani wa Kiislamu ili apande mpunga atapanda wakati wa jua kali.

Kwa hiyo walitumia pia mwaka wa pili, wa jua, unaoanza siku ya Nairuzi. Jina hili ni la Kiajemi, na lina maana ya siku mpya. Kuanzia siku hiyo siku zilihesabiwa kwa makumi, na kila kumi iliitwa mwongo. Miongo 36 ni siku 360. Zikiongezwa siku 5 mwaka hutimia siku 365. Nahodha hakusema kwamba atatweka katika mwezi fulani, bali katika mwongo fulani, na mwenzake alielewa ni upepo gani atakaokutana nao. Sherehe ya siku hiyo ingali inafanywa mpaka leo huko Makunduchi, kusini mwa Unguja, kwa jina la Mwaka Kogwa, katika mwezi wa Julai.

Mwaka wa siku 365 una upungufu wake. Kwa kuwa hauna siku ya ziada kila baada ya miaka minne, hurudi nyuma siku moja katika muda huo. Katika maisha ya mtu wa miaka 60 siku 15 hupotea. Ndiyo sababu wazee hawakutegemea hesabu peke yake. Walitazama mbinguni pia. Kundi la nyota liitwalo Kilimia limepewa jina hilo kutokana na kulima, na kuonekana kwake kulimwonya mkulima juu ya wakati wa kazi. Hesabu ilisahihishwa kwa macho, na macho yalisaidiwa na hesabu. Hii ndiyo njia ya elimu popote duniani.

Majira na safari za bahari

Ushahidi mkubwa wa elimu hii ni biashara ya Bahari ya Hindi. Kitabu cha mabaharia kilichoandikwa kwa Kigiriki katika karne ya kwanza baada ya Kristo, kiitwacho Periplus, kinaeleza safari za pwani hii na bandari ya Rhapta. Tangu nyakati hizo hadi karne ya 20 kanuni ilikuwa moja. Vyombo vya Arabuni, Ghuba na Bara Hindi vilikuja na kaskazi na kuondoka na kusi. Vilileta tende, mazulia, vyombo vya udongo, nguo na papa mkavu. Vilichukua pembe, nafaka, karafuu na boriti za mikoko kutoka mlango wa mto Rufiji, kwa ajili ya nchi za Ghuba zisizokuwa na miti ya kujengea. Mwaka 1939 baharia wa Australia, Alan Villiers, alifika Unguja na Rufiji ndani ya jahazi la Kuwait lililofuata desturi hiyo hiyo.

Lakini kusi haikuwa rahisi. Katika Juni na Julai huvuma kwa ukali mno, na mabaharia waliihesabu bahari kuwa imefungwa. Nahodha alipaswa kuondoka mwanzoni mwa kusi, Aprili au Mei, au angoje demani, Agosti na Septemba. Aliyechelewa alikaa miezi mingi. Kukaa huko, kwa sababu ya upepo, kulizaa udugu, ndoa na mitaa mizima katika miji yetu ya Pwani. Wastani wa joto wa Julai, ile digrii 24 hivi inayoonekana ya kawaida katika orodha, una historia hiyo ndani yake: ni mwezi wa wageni waliokwama.

Mfano wa nini humpata asiyeyajua majira ni safari ya Mreno Vasco da Gama. Tarehe 24 Aprili 1498 alitweka kutoka Malindi akiongozwa na rubani aliyempata huko, kusi ikiwa ndiyo kwanza inaanza, na kwa muda wa siku 23 hivi alikuwa ameiona nchi ya Bara Hindi. Alipotaka kurudi hakungoja kaskazi. Alitweka mwanzoni mwa Oktoba, kabla ya upepo kugeuka, na safari ile ile ikamchukua karibu miezi mitatu. Mabaharia wake wengi walikufa njiani kwa ugonjwa wa fizi, na wale waliobaki walifika Malindi mwezi wa Januari 1499 wakiwa hawana nguvu. Bahari ilikuwa ile ile na jahazi zile zile. Kilichokosekana ni hesabu ya miezi.

Nyumba iliyojua joto

Elimu ya majira ilijengwa pia katika kuta. Nyumba za mawe za Kilwa, Unguja na Lamu zilijengwa kwa matumbawe na chokaa, kuta zikiwa nene, ili joto la mchana lichelewe kupenya. Urefu wa boriti za mikoko ulilazimisha vyumba viwe vyembamba, navyo vilipangwa kimoja nyuma ya kingine kutoka kiwandani, cha ndani kikiwa na giza na ubaridi kuliko cha nje. Vichochoro vilikuwa vyembamba ili nyumba moja iitilie nyingine kivuli. Baraza mbele ya mlango ilikuwa mahali pa kupokea wageni, na pia mahali pa kupungia upepo wa jioni.

Katika mji wa Dar es Salaam iliendelea nyumba ya namna nyingine, ile tunayoiita nyumba ya Kiswahili. Ina vyumba sita, vitatu kila upande, na ukumbi unaopita katikati kutoka mlango wa mbele hadi uani. Zamani kuta zilikuwa za miti, fito na udongo, na paa lilikuwa la makuti. Ukumbi ule ni njia ya watu na njia ya upepo pia: milango miwili ikifunguliwa, hewa hupita moja kwa moja. Makuti huruhusu hewa ya moto ipenye na kutoka juu, wala hayashiki joto. Kazi nyingi, kama kupika, kufua, kupepeta na kusuka nywele, hufanywa uani, chini ya mwembe au mkungu. Nyumba hii haikuchorwa na msanifu aliyesoma orodha ya wastani wa joto. Ilichorwa na Februari nyingi zilizopita.

Kipimajoto na ukoloni

Mji wa Dar es Salaam ulianzishwa na Sultani Majid bin Said wa Unguja katika miaka ya 1860, na baada ya kifo chake mwaka 1870 ulidhoofika. Kampuni ya Wajerumani ilifika mwaka 1887, na mwaka 1891 Serikali ya Kijerumani ikahamishia makao makuu yake hapo kutoka Bagamoyo. Kabla karne ya 19 haijaisha vipimo vya joto na mvua vilikuwa vinaandikwa kwa utaratibu. Hatuna sababu ya kuidharau kazi hiyo. Bila ya maandishi hayo tusingeweza leo kulinganisha joto la babu zetu na letu.

Lakini elimu haikai hewani. Hutumiwa na wenye mamlaka. Katika fikira za watawala wa wakati ule, joto la Pwani lilikuwa adui wa afya ya Mzungu, na upepo wa bahari ulikuwa dawa. Hospitali ya Ocean Road, iliyofunguliwa mwaka 1897 kwa ajili ya Wazungu, iliwekwa ufukweni penye upepo. Huko milimani Usambara ulijengwa mji wa Wilhelmstal, ambao leo ni Lushoto, mahali pa kukimbilia ubaridi. Katika mji wenyewe sheria za ujenzi zilipanga nani ajenge nyumba ya namna gani na wapi. Uzunguni ilikuwa upande wa bahari, nyumba zikiwa mbalimbali, zenye veranda na bustani. Uhindini ilikuwa katikati. Uswahilini ilikuwa bara. Waingereza, walioutwaa mji mwaka 1916, hawakuuacha mpango huo. Waliuimarisha kwa kuacha uwanja mtupu wa Mnazi Mmoja kati ya mji na Kariakoo, na katika miaka ya 1930 wakaanza kujenga Oyster Bay, juu ya ufuko, penye upepo safi kuliko kwingine.

Hivyo upepo nao uligawanywa. Orodha ya wastani ilikuwa moja kwa mji mzima, lakini digrii 28 za Februari hazikuwa moja. Katika veranda iliyoelekea baharini zilikuwa za kuvumilika. Katika chumba cha Kariakoo, nyumba zikiwa zimebanana na madebe yaliyopasuliwa yakiwa yameanza kushika mahali pa makuti, zilikuwa mateso. Namba iliyopimwa kivulini, juu ya nyasi, haikuwahi kuingia katika chumba hicho.

Mwaka 1929 Waingereza waliunda idara moja ya hali ya hewa kwa Afrika Mashariki, makao yake yakiwa Nairobi. Baada ya uhuru idara hiyo iliendelea kuhudumia nchi zetu tatu chini ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, hadi Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977. Hapo Tanzania ililazimika kuanzisha chombo chake, na sheria yake ilipitishwa mwaka 1978. Mwaka 1999 chombo hicho kikawa Wakala wa Hali ya Hewa, na mwaka 2019 kikawa Mamlaka ya Hali ya Hewa. Jambo moja lastahili kuangaliwa. Utabiri unaotangazwa na chombo hiki kwa wananchi hutolewa kwa Kiswahili, na hutaja masika, vuli, kipupwe na kusi. Katika matangazo hayo hesabu mbili zilizotenganishwa zimekutana tena.

Mji wa leo

Hesabu ya watu ya mwaka 1967 ilionyesha Dar es Salaam kuwa na watu 273,000 hivi. Ile ya mwaka 2022 ilionyesha mkoa wa Dar es Salaam una watu zaidi ya 5,380,000. Mashamba ya minazi, mikorosho na miembe yaliyokuwa yakiuzunguka mji yamegeuka nyumba. Makuti yamekwisha, bati limeshika nafasi yake kwa sababu linadumu, haliwaki moto kwa urahisi na halihitaji kubadilishwa kila miaka michache. Sababu hizi ni za kweli, na mtu asiyelala chini ya paa linalovuja hana haki ya kumlaumu aliyelichagua bati. Lakini bati bila ya dari hugeuza chumba kuwa tanuri. Maghorofa ya kioo nayo, yaliyochorwa kwa ajili ya nchi zinazolitafuta jua, hapa hulikaribisha jua lisilotakiwa, kisha hulifukuza kwa viyoyozi ambavyo hupooza ndani na kutema joto nje, katika mtaa wa mpita njia. Tumekomesha mgawanyo wa mji kwa rangi. Lakini upepo bado hununuliwa.

Wakati huo huo dunia yenyewe inazidi kupata moto. Joto la wastani la dunia limepanda kwa zaidi ya digrii 1 tangu nusu ya pili ya karne ya 19, na mwaka 2024 ulikuwa wa joto kuliko miaka yote iliyopata kupimwa. Kwa mtu wa nchi zenye theluji digrii 1 huonekana kitu kidogo. Kwetu sisi yafaa tuikumbuke orodha yetu. Mwaka mzima wa Dar es Salaam umejengwa juu ya tofauti ya digrii 4. Digrii 1 ni robo yake. Joto likipanda kiasi hicho, Juni hukaribia kuwa kama Mei ya zamani, kipupwe hufupika, na usiku wa fukuto huongezeka katika miezi ambayo wazee waliitumia kupumzika. Ule udogo wa tofauti, uliomfanya mgeni aseme hatuna majira, ndio unaofanya mabadiliko madogo yawe makubwa kwetu.

Tufanye nini

Kuna watu wanaodhani kwamba kuheshimu elimu ya wazee ni kukataa vipimo. Hilo ni kosa. Mwongo wa Nairuzi haukuweza kutuambia kwamba dunia imepata moto kwa digrii 1. Kipimajoto ndicho kilichotuambia. Kuna wengine wanaodhani kwamba tukiwa na vipimo hatuna haja ya kaskazi, matlai na umande. Hilo nalo ni kosa. Namba inaweza kutuambia kwamba Februari ni digrii 28, lakini haituambii dirisha lifunguliwe upande gani.

Kazi zilizo mbele yetu si ngumu kuzitaja. Katika shule zetu, mwanafunzi anayejifunza kuchora wastani wa joto wa kila mwezi ajifunze pia kuandika chini ya kila mwezi jina la majira na upepo wake. Majina ya pepo, nyota na miongo yanayokumbukwa na manahodha na wakulima wa Bagamoyo, Kilwa, Mafia, Tanga na Visiwani yaandikwe kabla wenyewe hawajaondoka, maana kila moja ni kipimo cha karne nyingi. Wanaopima viwanja na kuchora nyumba waulize kwanza kusi na kaskazi zapita wapi, waache njia ya hewa kati ya nyumba na nyumba, na warudishe ukumbi unaopenya, dari chini ya bati, baraza yenye kivuli na mwembe wa uani. Haya yote yalikuwapo hapa.

Siku hizo zitakapofika, orodha ya wastani wa joto haitakuwa tena karatasi ya ofisini. Mwananchi wa Mbagala au Tandale ataitazama, ataona Januari, Februari na Machi zikiwa juu kabisa, na atajua kwamba nyumba yake ilijengwa kwa ajili ya miezi hiyo.